Mkono Si Kipimajoto: Jinsi Ubongo Unavyotambua Joto na Baridi ya Ngozi

Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, ni mahali wanapokutana watu wa hewa mbili. Upande mmoja ziko nyanda za juu za Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako asubuhi za Juni na Julai watu huvaa makoti na kuota moto. Upande wa pili nchi huteremka kuelekea Kamsamba, Ivuna na bonde la Ziwa Rukwa, ambako joto ni jambo la kawaida kwa sehemu kubwa ya mwaka. Aliyetoka Tunduma akifika Chitete huvua koti. Aliyetoka Kamsamba, siku hiyohiyo na saa hiyohiyo, huenda akatafuta cha kujitanda. Hewa ni moja, na kipimajoto kilichotundikwa ukutani kingetoa jibu moja tu. Hata hivyo hakuna anayesema uongo kati ya watu hao wawili.

Jambo hilo linaweza kuonekana dogo, lakini ndani yake mna maswali yanayoigusa afya kila siku. Kwa nini mgonjwa wa malaria hutetemeka kwa baridi ilhali mwili wake unawaka? Je, kiganja cha mama kikisema mtoto ana homa, kiaminiwe? Kwa nini mtu mwenye kisukari huweza kuunguza mguu kwenye beseni la maji ya moto asijue mpaka aone malengelenge? Makala haya yanaeleza jinsi ngozi na ubongo vinavyoshirikiana kutambua joto na baridi, mahali ambapo ushirikiano huo hukosea, na hatari inayotokea pale unapokatika.

Ngozi inahisi nini hasa

Watu wengi hudhani kwamba ngozi hupima joto la kitu kinachoguswa. Ukweli ni kwamba ngozi hupima joto lake yenyewe. Kitu kinapoigusa, joto huhama kutoka kwenye kitu kwenda kwenye ngozi, au kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye kitu, na neva hutoa taarifa ya badiliko hilo. Ndiyo maana, asubuhi ya baridi, bati na ubao vilivyolala nje usiku kucha huhisiwa tofauti vinapoguswa, ingawa kipimajoto kingeonyesha kwamba vina joto sawa. Bati hunyonya joto la kiganja haraka, hivyo ngozi hupoa upesi na ubongo huambiwa kuna baridi kali. Ubao hunyonya joto polepole, hivyo huhisiwa kuwa na afadhali.

Katika hali ya kawaida ngozi ya mikono na miguu huwa na joto pungufu kuliko lile la ndani ya mwili. Sehemu za ndani hukaa karibu na nyuzi joto 37 za Sentigredi, wakati ngozi mara nyingi huwa kati ya nyuzi joto 32 na 35. Ndani ya eneo la takriban nyuzi joto 30 hadi 36, ngozi ikikaa kwa muda, mtu huacha kuhisi joto wala baridi. Ngozi ikizidi takriban nyuzi joto 43 hadi 45, hisia ya joto hugeuka kuwa maumivu. Ikishuka chini ya takriban nyuzi joto 15, baridi nayo huanza kuuma. Maumivu hayo ni onyo: yanamtaka mtu aondoe mkono kabla ngozi haijaharibika.

Hisia za joto na za baridi hazitoki mahali pamoja. Katika miaka ya 1880, mtafiti wa Sweden Magnus Blix aligundua kwamba ngozi ina vidoa vidogo vinavyohisi baridi tu, na vingine vinavyohisi joto tu. Akigusa kidoa cha baridi, mtu alisema amehisi baridi. Akisogea milimita chache, hakuhisi kitu. Vidoa vya baridi ni vingi zaidi kuliko vya joto, na hutofautiana kwa wingi kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Uso, hasa midomo, una hisia kali sana. Nyayo na miguu ni hafifu zaidi, na hisia hizo hupungua zaidi kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo sehemu iliyo karibu zaidi na makaa ya jiko ndiyo pia iliyo nyuma katika kutoa taarifa, na kwa wazee iko nyuma zaidi.

Pilipili, mnanaa na milango ya neva

Chini ya ngozi ziko ncha nyembamba za neva. Juu ya ncha hizo mna protini zinazofanya kazi kama milango. Mlango ukifunguka, chembe zenye chaji ya umeme huingia ndani ya neva, na ishara huanza kusafiri. Kilichowashangaza wataalamu kwa muda mrefu ni jinsi mlango huo unavyojua kwamba kuna joto. Jibu lilipatikana kupitia pilipili.

Kila mtu anajua kwamba pilipili kali huunguza mdomo bila kuongeza joto lolote. Mwaka 1997, David Julius na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitumia kemikali ya pilipili iitwayo kapsaisini kutafuta mlango unaoipokea. Walioupata, uitwao TRPV1, ulifunguka pia kwa joto lililozidi takriban nyuzi joto 43, yaani pale pale ambapo joto huanza kuuma. Pilipili basi haidanganyi ulimi tu. Hubonyeza kengele ileile ya moto, na ubongo, ambao hauna njia ya kujua nani ameibonyeza, hutangaza moto.

Mwaka 2002 Julius na mtafiti mwingine, Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa upande wake, walieleza mlango wa baridi uitwao TRPM8. Huo hufunguka ngozi inapopoa, na pia unapoguswa na mentoli, kemikali ya mnanaa. Hii ndiyo sababu dawa ya kuchua yenye mentoli ikipakwa kifuani au kwenye paji la uso huleta ubaridi. Mgonjwa huhisi amepoa, lakini homa iko palepale. Wataalamu hao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba mwaka 2021 kwa ugunduzi wao kuhusu vipokezi vya joto na mguso.

Safari ya kwenda ubongoni

Ishara ikishaanza kwenye ncha ya neva, hupita katika nyuzi za neva zilizo nyembamba kuliko zote mwilini. Taarifa za baridi husafiri zaidi katika nyuzi zenye ala nyembamba ya mafuta, kwa mwendo wa mita kadhaa hadi takriban 30 kwa sekunde. Taarifa za joto la kawaida hupita katika nyuzi zisizo na ala, ambazo mwendo wake ni karibu mita 1 kwa sekunde, sawa na mtu anayetembea taratibu. Kwa hiyo baridi huhisiwa upesi kuliko uvuguvugu, na taarifa ya joto kutoka kwenye wayo wa mtu mzima inaweza kuchukua zaidi ya sekunde 1 kufika kichwani.

Unyembamba wa nyuzi hizo una maana kubwa kitabibu. Mguso wa kawaida, kama vile kuhisi nguo au kutambua mahali mguu ulipo, hupita katika nyuzi nyingine, nene na zenye kasi. Kwa hiyo mtu anaweza kupoteza hisia za joto na bado akahisi kuguswa. Anatembea vizuri, anahisi kandambili mguuni, na anaamini neva zake ni nzima.

Zikifika kwenye uti wa mgongo, nyuzi za joto na maumivu hukabidhi taarifa kwa seli nyingine, ambazo huvuka upande wa pili wa uti na kupanda juu. Hisia za joto za mguu wa kulia hupanda kwa upande wa kushoto. Daktari aliyeeleza jambo hilo katikati ya karne ya 19 alikuwa mzaliwa wa Bahari ya Hindi: Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817. Alionyesha kwamba uti wa mgongo ukikatika nusu, mguu wa upande wa jeraha hupoteza nguvu, ilhali mguu wa upande wa pili hupoteza hisia za maumivu na joto. Hadi leo hali hiyo huitwa kwa jina lake, na humsaidia daktari kujua jeraha liko upande gani.

Kutoka kwenye uti, ishara hufika ubongoni na kusambazwa. Tawi moja la taarifa huenda kwenye hipothalamasi, sehemu inayodhibiti joto la mwili bila mtu kufikiri. Tawi jingine hupitia kituo cha ubongo kiitwacho thalamasi na kwenda kwenye gamba la ubongo, ambako mtu hutambua kwamba sasa anahisi joto au baridi. Kwa miaka mingi haikujulikana wazi ni sehemu gani ya gamba hilo inayohusika. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin, Ujerumani, walichapisha uchunguzi walioufanya kwa panya. Waliona kwamba sehemu ya nyuma ya insula, yaani gamba lililojificha ndani ya mkunjo wa pembeni mwa ubongo, ina seli zinazoitikia baridi na zinazoitikia joto, zikiwa zimepangwa kufuata sehemu za mwili. Walipoizima sehemu hiyo kwa muda, uwezo wa panya kutambua joto uliathirika sana. Walipochunguza eneo la kawaida la mguso, waliona seli za baridi lakini hawakuona za joto. Joto na baridi, ambavyo kwenye kipimajoto ni mstari mmoja, ubongoni ni habari mbili.

Ubongo hulinganisha

Sasa inawezekana kurudi kwa wale wasafiri wawili wa Chitete. Mwishoni mwa karne ya 17, mwanafalsafa Mwingereza John Locke alieleza kwamba maji yaleyale huweza kuhisiwa ya baridi kwa mkono mmoja na ya moto kwa mkono mwingine. Yeyote anaweza kulijaribu hilo nyumbani kwa mabeseni matatu: moja la maji baridi, moja la maji ya moto kiasi cha kuvumilika, na moja la maji ya uvuguvugu. Mkono mmoja ukae katika maji baridi na mwingine katika maji ya moto kwa dakika moja au mbili, kisha yote miwili itumbukizwe katika maji ya uvuguvugu. Mkono uliotoka kwenye baridi utasema maji ni ya moto. Uliotoka kwenye moto utasema ni ya baridi.

Hali hiyo hutokea kwa sababu neva hupiga kelele zaidi pale joto linapobadilika kuliko linapotulia. Likitulia, ishara hupungua na ubongo huizoea hali iliyopo. Kila taarifa mpya hupimwa kwa kulinganishwa na ile iliyotangulia. Kwa anayetoka Tunduma, Chitete ni beseni la tatu baada ya maji baridi. Kwa anayetoka bondeni, ni beseni la tatu baada ya maji ya moto.

Ukubwa wa eneo nao una nafasi yake. Uvuguvugu unaogusa kidole kimoja huweza usihisiwe, lakini ukigusa mkono mzima huhisiwa wazi, kwa kuwa ubongo hujumlisha taarifa za neva nyingi. Kwa hiyo anayepima maji ya kumwogeshea mtoto kwa ncha ya kidole hupata jibu hafifu kuliko anayetumbukiza kiwiko na sehemu ya mkono.

Pombe hutumia udhaifu huohuo. Anayekunywa ili kufukuza baridi ya usiku huhisi joto kwa sababu mishipa ya damu ya ngozi hutanuka na damu ya ndani huja juu. Vipokezi vya ngozi vinasema kuna joto, na vinasema kweli kuhusu ngozi. Lakini joto hilo linatoka ndani na kupotelea hewani. Mtu anahisi amepata joto wakati mwili wake unapoa, na akilala nje katika hali hiyo anaweza kupata madhara makubwa.

Homa: kwa nini mgonjwa huhisi baridi

Hipothalamasi hufanya kazi kama mlinzi aliyepewa kiwango cha kulinda. Kwa kawaida kiwango hicho ni karibu nyuzi joto 37. Vimelea vya malaria au bakteria vinapoingia mwilini, seli za kinga hutoa kemikali zinazousababisha ubongo kutengeneza prostaglandini, na kemikali hiyo hukipandisha kiwango, tuseme hadi nyuzi joto 39. Tangu dakika hiyo mwili wenye nyuzi joto 37 huhesabiwa kuwa umepoa. Mishipa ya damu ya ngozi hujikaza ili kuzuia joto lisitoke, misuli hutetemeka ili kulitengeneza, na mgonjwa huomba blanketi. Anahisi baridi kwa sababu mwili wake bado haujafika kiwango kipya, ingawa unapanda kuelekea huko.

Joto likishafika kiwango hicho, kutetemeka hukoma. Kiwango kinaposhuka, iwe kwa sababu ya parasetamoli inayozuia prostaglandini au kwa sababu mwili umelishinda shambulio, hesabu hugeuka: sasa mwili una joto kupita kiasi, ngozi hufunguka na jasho hutoka. Hatua hizo tatu, yaani baridi, joto na jasho, ndizo zinazojulikana katika malaria tangu zamani.

Katika hatua ya kwanza mikono na miguu ya mgonjwa inaweza kuwa baridi kabisa wakati ndani ya mwili homa inapanda. Mhudumu akigusa miguu peke yake anaweza kuandika kwamba hakuna homa. Vilevile, kumwogesha mtoto mwenye homa kwa maji baridi hakukishushi kile kiwango cha hipothalamasi. Huipoza ngozi, ubongo hupata taarifa ya baridi zaidi, na mtoto hutetemeka na kuteseka zaidi. Kinachofaa ni kumpunguzia nguo nzito mara kutetemeka kunapokoma, kumpa maji au kumnyonyesha mara kwa mara, kumpa parasetamoli kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, na kumfikisha kituo cha huduma ili chanzo cha homa kitafutwe. Parasetamoli hushusha homa. Haiui vimelea vya malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hufanyika hata kama homa imeshuka.

Mkono wa mama na mkono wa mhudumu

Mama anayegusa paji la uso la mwanawe hafanyi kosa. Anaujua mwili wa mtoto huyo katika siku zake za kawaida, na kwa kugusa huweza kuona badiliko mapema. Miongozo ya kutibu watoto wagonjwa huitambua taarifa yake: mtoto huhesabiwa kuwa na homa ikiwa imeelezwa na mzazi, ikiwa mwili wake ni wa moto unapoguswa, au ikiwa joto la kwapani ni nyuzi joto 37.5 au zaidi. Kwa hiyo mhudumu hapaswi kumwambia mama kwamba amekosea kwa sababu tu kipimajoto, kwa wakati huo, kinaonyesha hali ya kawaida. Homa hupanda na kushuka.

Hata hivyo mkono hauwezi kuchukua nafasi ya kipimajoto. Kiganja kilichotoka kuosha vyombo kwa maji baridi kitaona kila mtoto ana homa. Kiganja kilichokuwa kimeshika kikombe cha chai kitaipita homa ya kweli. Mhudumu aliyepima wagonjwa wengi tangu asubuhi bila kutumia kipimajoto analinganisha mgonjwa mmoja na mwingine, wala halinganishi na kiwango chochote.

Kwa mtoto mchanga kosa la namna hiyo ni la hatari zaidi, kwa kuwa yeye hupoteza joto haraka na hawezi kutetemeka vya kutosha. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi joto 36.5 na 37.5. Kipimajoto kikikosekana nyumbani, mama aguse tumbo na miguu. Vyote viwili vikiwa na joto, mtoto hajapoa. Miguu ikiwa baridi na tumbo likiwa na joto, mtoto ameanza kupoa. Awekwe ngozi kwa ngozi kifuani pa mama, afunikwe pamoja na kichwa, na anyonyeshwe. Miguu na tumbo vyote vikiwa baridi, hiyo ni dharura: awekwe kifuani na apelekwe kituo cha afya akiwa katika hali hiyohiyo. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au lililo chini ya nyuzi 35.5, ni dalili ya uwezekano wa maambukizi makali na halipaswi kusubiri kesho.

Ngozi inaponyamaza

Makosa yaliyotajwa hadi hapa ni ya ngozi nzima na ubongo mzima. Hatari kubwa zaidi huja pale neva zenyewe zinapoharibika. Kisukari kisichodhibitiwa hudhuru neva, mara nyingi kikianzia kwenye nyuzi nyembamba na kwenye sehemu za mbali, yaani vidole vya miguu na nyayo. Ukosefu wa vitamini za kundi B, pombe nyingi, VVU, na dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huweza kuleta hali kama hiyo. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wanaotumia isoniazidi hupewa pia vitamini B6.

Wagonjwa hao mara nyingi husema, «Miguu inawaka moto.» Mhudumu akiigusa huiona baridi, na huenda akadhani mgonjwa anatia chumvi. Lakini neva iliyojeruhiwa huweza kutuma ishara bila kuguswa na kitu, na ubongo, kama ilivyo kwa pilipili, huamini kengele. Baada ya muda baadhi ya neva hufa na moto hugeuka ganzi. Mgonjwa anaweza kufurahi kwamba maumivu yamekwisha. Kumbe kilichokwisha ni onyo.

Ngozi isiyo na onyo huungua kwa joto ambalo mtu mzima wa afya angelikwepa. Kuungua hutegemea kiwango cha joto pamoja na muda. Maji ya nyuzi joto 60 huweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5. Maji ya nyuzi joto 49 huhitaji karibu dakika 10. Mwenye neva nzima hawezi kukaa dakika 10 katika maji hayo. Angeondoa mguu mapema. Mwenye ganzi hukaa, tena kwa starehe, akiamini anajikanda ili ganzi iondoke. Kukanda kwa maji ya moto na chumvi, kuota moto miguu ikiwa karibu na mafiga, na kuweka chupa ya maji ya moto kitandani ni mambo ya kawaida katika majira ya baridi. Kwa mguu wenye ganzi kila moja linaweza kuanzisha kidonda kitakachoishia kukatwa mguu.

Ukoma hufuata njia hiyohiyo kwa namna yake. Bakteria wake hupendelea sehemu za mwili zilizo baridi kiasi, kama ngozi na neva zilizo karibu na ngozi. Baka lililopauka au jekundu ambalo halihisi ni dalili kuu, na hisia za joto ni miongoni mwa zile zinazopotea mapema. Mpishi anayeungua vidole mara kwa mara bila kuhisi, au anayeshika sufuria iliyo jikoni bila kitambaa na asishtuke, anahitaji kuchunguzwa, wala hastahili kusifiwa kwa uvumilivu. Tanzania ina Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma tangu 1977. Dawa za mseto za ukoma hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa. Zinaua bakteria, lakini neva iliyokufa haifufuki. Kuwahi ndiko kunakookoa vidole.

Kipimo rahisi zahanatini

Mhudumu anaweza kuchunguza hisia za joto bila mashine yoyote. Anahitaji vichupa viwili vya maabara: kimoja chenye maji baridi, kingine chenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi joto 45, yaliyopimwa kwa kipimajoto cha maji na si kwa kidole. Vichupa vikaushwe kwa nje, kwa sababu unyevu wenyewe huleta ubaridi. Mgonjwa aonyeshwe kwanza kwenye ngozi nzima, kama vile shavuni au kwenye mkono, ili ajue tofauti. Kisha afumbe macho.

Kila kichupa kigusishwe kwa sekunde 2 au 3, kwa kuwa taarifa ya joto husafiri polepole na haraka ya mhudumu huweza kuleta jibu la uongo. Mpangilio uchanganywe, ili mgonjwa asikisie. Mguu mmoja ulinganishwe na mwingine, vidole vilinganishwe na goti, ndani ya baka palinganishwe na nje yake. Ikiwa mgonjwa hatofautishi, au anajibu tu kwamba ameguswa, hisia za joto zimepungua. Kumbukumbu iandikwe kwenye faili na sehemu hiyo ichorwe, ili ziara ijayo ionyeshe kama tatizo linapanda kuelekea goti.

Kipimo cha mguso kwa pamba au kwa uzi maalumu wa nailoni kibaki palepale, kwani kila kimoja huchunguza nyuzi tofauti. Mgonjwa aliyefaulu cha mguso anaweza kushindwa cha joto, na huyo ndiye aliye katika nafasi nzuri ya kusaidiwa, kwa kuwa uharibifu bado uko mwanzoni.

Nyumbani kwa mwenye ganzi

Ushauri kwa mgonjwa unaweza kusemwa kwa maneno machache. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine katika familia ambaye hana ganzi. Mguu usiwe wa kwanza kuingia. Maji baridi yatangulie kumiminwa kwenye beseni, ya moto yafuate. Miguu yenye baridi ivalishwe soksi, isisogezwe motoni. Mwenye ganzi mikononi ashike sufuria kwa kitambaa kinene na akorofishe makaa kwa kijiti kirefu. Mchana wa jua kali, hasa bondeni, asitembee peku, kwa kuwa mchanga na mawe huunguza kama jiko. Kila jioni nyayo zikaguliwe kwa macho, kwa kioo kidogo au kwa msaada wa mtoto wa nyumbani, kwani jicho sasa linafanya kazi iliyokuwa ya neva.

Lengelenge lolote lioshwe kwa maji safi, lifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa aende zahanati siku hiyohiyo hata kama haliumi. Kwa mguu wenye ganzi, kidonda kutouma si habari njema. Aliyeungua sasa hivi amwagiwe maji baridi safi yanayotiririka kwa takriban dakika 20. Asipakwe mafuta, dawa ya meno wala majivu.

Mzima wa Tunduma na mzima wa Kamsamba wataendelea kubishana kuhusu hewa ya Chitete, na ubishi wao hauna madhara, kwa kuwa ngozi ya kila mmoja bado inasema. Anayepaswa kuulizwa kwa makini ni yule ambaye maji ya moto na maji baridi kwake ni mamoja.